MAMBO YA MOTOKAA: Petroli, Oili na Dawa za Chupa kwa Injini za Zamani

Katika mji wa Garissa, na katika njia ziendazo Wajir, Mandera na Liboi, hata leo huonekana motokaa zilizoundwa kabla vijana wanaoziendesha hawajazaliwa. Nyingi ni Land Rover za petroli, za ukoo ule uliotokea kwanza mwaka 1948, ambazo serikali, polisi na wenye maduka walizitumia sana tangu siku za Northern Frontier District. Nyingine ni Peugeot 404, gari lililojipatia sifa katika Afrika ya Mashariki kwa kushinda mashindano ya Safari katika miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968. Wenye magari haya si watu wa kuchezea vitu vya kale. Wako wanaoyatunza kwa ukumbusho wa baba zao, lakini walio wengi huyatunza kwa kuwa fundi mwenye spana na akili huweza kuyatengeneza chini ya mgunga, mahali ambapo gari jipya lenye kompyuta likisimama halina budi kuvutwa.

Taabu yao kubwa ni mafuta. Mwenye gari aingiapo katika duka la vipuri huonyeshwa rafu iliyojaa chupa ndogo ndogo za rangi nzuri: hii ya kumwaga katika tangi la petroli, hii ya kumwaga katika oili, hii ya kuzuia moshi, na hii, kama asemavyo muuzaji, ya kuzuia kila ubaya. Oili nazo ziko za namna nyingi, na herufi zilizoandikwa juu ya makopo hazieleweki upesi. Akikosea, hasara haiji siku ile ile. Huja baada ya miezi kadhaa, pengine mchana wa jua kali kati ya Modogashe na Habaswein, gari likiwa na watu kumi na maji ya kunywa yakiwa yamekwisha. Kwa hiyo yafaa mambo haya yaelezwe kwa utaratibu, dawa ya kweli itengwe na maneno ya biashara.

Jambo la kwanza ni risasi. Motokaa zote za zamani zilizaliwa wakati petroli ilipotiwa dawa yenye madini ya risasi. Dawa hiyo iligunduliwa huko Dayton, katika jimbo la Ohio, Marekani, mwezi wa Desemba mwaka 1921 na mtaalamu aitwaye Thomas Midgley, aliyekuwa akifanya kazi katika General Motors, na mwaka 1923 ikaanza kuuzwa katika mji ule ule. Kusudi lake lilikuwa kuzuia injini isigonge, yaani petroli isilipuke kabla ya wakati wake ndani ya silinda. Lakini risasi ilifanya na kazi ya pili ambayo haikutarajiwa sana. Ilipoungua iliacha utando mwembamba juu ya kiti cha valvu, yaani ile duara ambayo valvu huikalia inapofunga, na utando huo ukazuia chuma cha valvu kisigandamane na chuma cha kiti kwa ukali wa moto. Bila kukusudia, watu wakapata mafuta yaliyokinga valvu zao.

Ubaya wake ulijulikana mapema kuliko watu wadhanivyo. Mwezi wa Oktoba mwaka 1924, wafanyakazi watano waliokuwa wakiitengeneza dawa hiyo katika jimbo la New Jersey walikufa kwa sumu yake, baada ya kurukwa na akili. Hata hivyo biashara iliendelea duniani pote kwa karibu miaka mia. Risasi itokayo katika moshi wa gari huanguka juu ya udongo, huingia katika vumbi, na mtoto achezaye kando ya barabara huimeza. Humharibu ubongo, humpunguzia akili ya kujifunza, na madhara hayo hayaondoki. Serikali za Afrika kusini ya Sahara zilikutana Dakar mwezi wa Juni mwaka 2001 zikaazimia kuiacha, na Kenya iliiacha mwishoni mwa mwaka 2005. Nchi ya mwisho duniani ilikuwa Algeria, iliyoacha mwezi wa Julai mwaka 2021. Na tarehe 30 Agosti mwaka huo Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake makuu yako Nairobi, likatangaza ya kuwa petroli ya risasi kwa magari ya barabarani imekwisha duniani.

Basi mwenye Land Rover ya mwaka 1965 anauliza: Je, injini yangu iliyozoea risasi itaishi vipi? Jawabu hutegemea hedi ya injini yake. Ikiwa hedi ni ya aluminiamu, kama ile ya Peugeot 404 au ya Volkswagen, hana sababu ya kuhofu sana, kwa maana aluminiamu ni laini mno kuweza kupigwa na valvu, na kwa hiyo waundaji walitia duara za chuma kigumu tangu mwanzo. Ikiwa hedi ni ya chuma cha kusubu, huenda viti vya valvu vilichongwa katika chuma hicho hicho, nacho bila risasi huweza kuliwa pole pole. Katika magari ya namna hii neno la muuzaji halitoshi, wala neno la mwenye gari wa kwanza. Hedi nyingi zimekwisha kutengenezwa upya mara mbili au tatu katika maisha yake, na pengine fundi wa Nairobi au wa Mombasa amekwisha kutia viti vigumu bila kuandika popote. Njia ya hakika ni kungoja siku hedi itakapofunguliwa kwa sababu nyingine na kutazama kwa macho kama kuna duara iliyopachikwa.

Kabla ya siku hiyo kuna kipimo ambacho kila dereva aweza kukifanya. Kiti cha valvu kikiliwa, valvu huzama ndani ya hedi. Ikizama, mkia wake huinuka upande wa juu, na ile nafasi ndogo kati ya mkia na roka hupungua. Katika Land Rover ya injini ya lita 2.25 nafasi hiyo yapasa kuwa inchi 0.010, yaani robo ya milimita. Mwenye gari aipime, aiandike katika daftari pamoja na maili alizokwenda, kisha aipime tena baada ya maili 3,000. Ikiwa valvu za kutolea moshi zimebana na zile za kuingizia petroli hazikubana, hiyo ndiyo dalili. Ikiwa zote zimesimama pale pale, basi viti ni salama, na fedha ya dawa za chupa ibaki mfukoni. Kipimo hiki chataka fila geji na saa moja ya kazi, na ni ajabu jinsi watu wachache wakifanyavyo.

Iko na jambo jingine ambalo wasafiri wa upande huu hawalitambui. Valvu haziliwi sana gari liendapo pole pole. Huliwa injini izungukapo kwa kasi kwa muda mrefu na mzigo mzito. Kwa hiyo njia ya vumbi ya zamani, ambamo gari lilikwenda maili 25 kwa saa, ilizihurumia valvu kuliko lami ya leo itokayo Garissa kwenda Mwingi na Thika, ambamo kijana hukanyaga mafuta mpaka sakafuni kwa kilomita zaidi ya 300. Land Rover ya zamani haikuundwa kushindana na basi. Dereva apunguzaye mwendo hufanya kazi ambayo chupa nyingi haziwezi kuifanya.

Ikiwa kipimo kimeonyesha ya kuwa viti vinaliwa, dawa ziko mbili. Ya kudumu ni kupeleka hedi kwa fundi wa mashine, achonge mahali pa viti vya kutolea moshi na kupachika duara za chuma kigumu, na ikiwezekana atie valvu mpya za chuma bora. Kazi hii hufanywa mara moja, na baada yake gari hunywa petroli yoyote ya kituo bila wasiwasi. Dawa ya pili ni ya muda, nayo ni zile chupa za kumwaga katika tangi badala ya risasi. Hizi si uwongo zote. Huko Uingereza, petroli ya risasi ilipokaribia kukoma mwanzoni mwa mwaka 2000, shirikisho la vyama vya magari ya kihistoria lilizijaribu dawa hizo mwaka 1999 katika injini iliyoendeshwa kwa mtambo, na zikaonekana kadhaa zinazokinga viti kweli kweli. Zilikuwa na potasiamu, au fosforasi, au manganizi, au sodiamu. Nyingine zilishindwa.

Mwenye gari anunuapo chupa ya namna hii na asome ni madini gani yaliyomo. Ikiwa kopo halitaji chochote ila maneno ya sifa, alirudishe rafuni. Akiisha kuchagua moja, asiichanganye na nyingine yenye madini mbali, kwa kuwa dawa mbili zikikutana huweza kuvunjana nguvu na kuacha takataka juu ya plagi. Tena aipime kwa kadiri iliyoandikwa. Wako madereva wadhanio ya kuwa kikombe kikifaa, vikombe viwili vitafaa zaidi. Hao huishia kubadili plagi kila mwezi.

Hapa lazima litajwe kosa moja lenye hatari kuliko yote. Katika viwanja vidogo vya ndege huwako mapipa ya petroli ya ndege za pistoni. Petroli hiyo, ambayo jina lake ni 100LL, ingali na risasi hata leo, gramu 0.56 kwa lita kwa kadiri ya juu kabisa, na wako wasemao ya kuwa kidogo chake katika tangi la gari la zamani ni dawa ya valvu. Valvu huenda zikanufaika, lakini moshi wake ni ile ile sumu ambayo dunia ilihangaika miaka mingi kuiondoa, nao huangukia watoto wa kijiji kile kile ambacho gari limelala. Aliyezoea kuvuta petroli kwa mpira na mdomo anajipa sumu hiyo mwenyewe. Petroli hiyo haifai kuguswa kwa kazi ya motokaa. Hali kadhalika mafuta ya ndege za jeti yasitiwe. Hayo kwa asili yake ni jamii ya mafuta ya taa, na injini ya petroli huharibika nayo.

Dawa za kuongeza oktani hazihitaji maneno mengi. Injini za Land Rover za tangu mwaka 1958 zilibana hewa mara 7, na baadaye zikaja zilizobana mara 8. Hiyo ni kadiri ndogo. Petroli ya vituo vya leo ina oktani zaidi ya 90, nayo yazidi mahitaji ya injini hizo. Gari la namna hii likigonga njiani, kosa si la oktani iliyoandikwa kituoni. Ama moto wa plagi umewekwa mapema mno, ama ndani ya silinda mna makaa mengi, ama petroli imechanganywa na mafuta ya taa.

Na la mafuta ya taa si dhana tu. Kwa miaka mingi mafuta ya taa yalikuwa rahisi kuliko petroli na dizeli, na wafanyabiashara wasio waaminifu wakayachanganya. Mwezi wa Septemba mwaka 2018 serikali ya Kenya ililazimika kutoza ada ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ili faida ya udanganyifu huo iondoke. Maskini apikaye kwa jiko la mafuta ndiye aliyelipa, lakini hilo lina mazungumzo yake. Kwa mwenye gari la zamani, ubaya wa mafuta ya taa hauishii katika kugonga. Hayageuki mvuke yote. Yaliyobaki huteremka kando ya pistoni, huosha oili iliyo ukutani mwa silinda, na kuingia katika sampu. Asubuhi dereva huchomoa kijiti cha kupimia, akaona oili imeongezeka, akafurahi. Oili haiongezeki yenyewe. Akinuse kijiti: kikinuka mafuta ya taa au petroli, oili ile imekuwa nyepesi na yapasa kumwagwa kabla gari halijakwenda.

Kipimo cha petroli ni rahisi. Tone moja hutiwa juu ya karatasi nyeupe, mbali na moto na sigara. Petroli safi hukauka upesi isiache alama ya maana. Yenye mafuta ya taa huacha duara la mafuta lisilotaka kukauka. Anunuaye kwa mitungi ya plastiki kando ya njia, mahali ambapo kituo kiko mbali, afanye hivi kila mara, tena achuje petroli kwa kitambaa kizito au kwa ngozi laini iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, kwani maji na mchanga ni wageni wa kawaida wa mitungi. Wazee wangali wakikumbuka petroli ilipokuja katika madebe ya galoni nne, mawili katika sanduku moja la mbao. Petroli ya madebe imetoweka, nalo debe likabaki kuwa kipimo cha mahindi na maharage katika masoko yote ya nchi.

Joto la Garissa lina ubaya wake wa pekee. Mji uko chini, mita kama 150 tu juu ya bahari, na mchana joto hupita digrii 35 kwa miezi mingi. Chini ya boneti huzidi sana. Petroli huanza kugeuka mvuke ingali katika bomba, pampu ikawa inavuta mvuke badala ya mafuta, na gari likazimika kama lililokatiwa roho. Baada ya nusu saa kivulini likawaka tena kana kwamba halikuwa na kitu. Wengine hukimbilia chupa. Hakuna dawa ya chupa iponyayo ugonjwa huu. Tiba yake ni kuondoa bomba la petroli karibu na ekzosi, kukinga pampu na kabureta kwa kipande cha bati, na kuhakikisha ya kuwa feni na rejeta zafanya kazi. Njiani, kitambaa kilicholowa maji kikifungwa juu ya pampu husaidia. Rejeta nazo zataka kuangaliwa zaidi katika upande huu, maana maji ya visima vya Wajir yana chumvi na ya mto Tana yana tope, na yote mawili huacha ukoko ndani. Injini yenye rejeta iliyozibwa hupika oili yake, hata kama oili hiyo ilinunuliwa kwa bei kubwa.

Hapo sasa inakuja habari ya oili yenyewe. Nambari zilizoandikwa juu ya kopo huonyesha uzito tu. Oili yenye nambari moja, kama SAE 30, 40 au 50, hupimwa katika joto la digrii 100. Yenye nambari mbili, kama 20W-50, ina kipimo cha pili cha baridi: herufi W ni ya neno la Kiingereza la majira ya baridi. Maana yake ni ya kuwa oili hiyo haigandi mno asubuhi ya baridi, na injini ikishapata moto husimama kama oili ya 50. Katika Nyeri au Limuru asubuhi za Julai jambo hili lina faida. Katika Garissa, ambamo usiku wenyewe una joto, ile nambari ya mbele ina kazi ndogo, na mwenye injini ya zamani iliyo nzima aweza kutumia SAE 40 tupu bila hofu, kama wazee walivyofanya. Lakini 20W-50 ni chaguo jema kwa walio wengi, na hasa kwa gari lisafirilo kwenda Nairobi, ambako asubuhi ni baridi. Oili nyepesi za siku hizi, kama 5W-30 na 0W-20, zimeundwa kwa injini zenye nafasi finyu kati ya vyuma. Katika injini ya mwaka 1960 hupita kando ya ringi, huvuja katika kila gasketi, na taa ya oili huanza kumeta gari likisimama.

Baada ya uzito yatazamwe madini. Tangu zamani oili hutiwa dawa yenye zinki na fosforasi, ambayo hukinga vyuma visuguanavyo kwa nguvu, hasa kamshafti na tapeti zake. Magari mapya yana chombo katika ekzosi cha kusafisha moshi, na fosforasi hukiharibu. Kwa sababu hiyo, tangu daraja la API SM lililotokea mwaka 2004, fosforasi katika oili nyepesi ilipunguzwa isizidi sehemu 0.08 katika mia. Habari hii iliwatia hofu wenye magari ya kale duniani kote, na biashara ya chupa za zinki ikastawi. Wengi hawakuambiwa ya kuwa kiasi hicho kiliwekwa kwa oili nyepesi, wala si kwa 20W-50 na SAE 40. Tena injini ya Land Rover ya lita 2.25 ina magurudumu madogo yanayotembea juu ya kamshafti badala ya kusugua, kwa hiyo haja yake ya zinki ni ndogo kuliko ya Volkswagen yenye tapeti bapa. Anayenunua 20W-50 nzuri hana haja ya chupa ya zinki juu yake. Ikizidi mno nayo huleta ubaya.

Kuna hadhari moja kwa wale wanaofufua gari lililolala miaka mingi uani. Oili za leo zina sabuni ndani yake, nayo ni jambo jema, kwani hubeba uchafu mpaka kwenye filta. Injini iliyoishi kwa oili ya zamani isiyo na sabuni huwa na tope jeusi chini ya sampu. Oili mpya ikimwagwa ghafula, hulifumua tope lile vipande vipande, vikaziba chujio la pampu, na injini ikafa kwa kiu ilhali sampu imejaa. Fundi mwenye busara hufungua sampu kwanza, akaifua kwa mkono, akaosha chujio, ndipo akatia oili mpya. Na oili ile ya kwanza huibadili baada ya maili 500 tu.

Zile chupa za kuongeza katika oili, ambazo hudai kupunguza moshi na kurudisha nguvu, nyingi ni gundi nzito. Huifanya oili kuwa nzito, moshi ukapungua kwa muda, na gari likauzwa kwa mtu asiyejua. Wanunuzi wa magari ya kale yafaa wachomoe kijiti na kutazama oili inavyodondoka. Kopo la oili nalo latazamwe kabla ya kununuliwa: kifuniko kiwe hakijafunguliwa, na alama ya shirika la viwango liwepo. Oili chafu iliyochujwa na kutiwa katika kopo la jina kubwa ni uhalifu wa siku nyingi. Tone la oili juu ya bati la moto likitatarika, mna maji ndani yake.

Lakini oili iliyo bora kuliko zote haiwezi kuishinda vumbi, na hapa wenye magari wengi wa Kaskazini Mashariki hupoteza injini zao huku wakibishana juu ya chupa. Vumbi la njia za huku ni laini kama unga na gumu kama msasa. Likiingia kwa njia ya kabureta huchanganyika na oili ukutani mwa silinda, likasaga ringi usiku na mchana. Land Rover za zamani zina kisafisha hewa chenye bakuli la oili: hewa hugonga oili ile kwanza, vumbi likanaswa humo. Chombo hiki ni kizuri sana, ila hutaka kazi. Oili ya bakuli hugeuka tope, na tope halinasi kitu. Aendaye Mandera kwa msafara, nyuma ya malori, hana budi kulifungua kila jioni, kumwaga tope, kulisafisha bakuli na kutia oili mpya mpaka kwenye mstari, wala si juu ya mstari, maana ikizidi injini huivuta. Kisha autazame ule mpira uunganishao kisafisha hewa na kabureta. Ufa mdogo ambao ncha ya kidole haiingii huingiza vumbi la kutosha kumaliza ringi mpya katika safari chache. Mpira huo ni wa bei ndogo kuliko chupa nyingi za dawa.

Vitabu vya magari ya enzi zile vilitaka oili ibadilishwe baada ya maili 2,000 au 3,000, na penye vumbi mapema zaidi. Ushauri huo ungali sawa, hata kama kopo limeandikwa ya kuwa oili yaweza kwenda maili 6,000. Hayo yalipimwa kwa injini nyingine na barabara nyingine.

Limebaki swali la mahali pa kumwaga oili chafu. Kuimwaga kando ya kisima au katika laga ni kuitia katika maji ya kunywa, kwa kuwa mvua ya kwanza huichukua. Tena iko desturi ya wafugaji kuwapaka ngamia oili ya gari ili kuponya upele. Hakika wadudu wengine hufa, lakini oili iliyotumika ina vipande vya chuma na masizi yenye sumu, ngozi ya ngamia huinyonya, na ndama humlamba mama yake. Upele wa ngamia una dawa yake ya sindano, ivermektini, nayo hupatikana kwa maofisa wa mifugo. Oili chafu itiwe katika dumu, lifungwe, lipelekwe kwa gereji au kituo kiipokeacho. Na dumu lenyewe lisirudishwe tena katika kazi ya maji au maziwa, hata likioshwa kwa majivu na maji ya moto.